Pumziko la Pigo la Saba

Jumanne ya kwanza ya Februari, mwaka wa 1966, saa nane na robo mchana, Jared karani wa posta alivuka soko la Migori akiwa amebeba bahasha ya kaki kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Aliwapita wauza viazi, akampita kinyozi, akafika kwenye kibanda cha Nyamweya. Nyamweya aliuza kufuli, misumari na taa za kandili, na jioni alifundisha kwaya ya kanisa dogo la Wasabato lililokuwa nyuma ya soko. Jared mwenyewe aliimba besi katika kwaya hiyo, na kwa sababu hiyo hakuona vibaya kuifungua bahasha njiani.

"Imetoka Homa Bay," alisema. "Ni wimbo wa lazima ya mashindano. Lakini Mwalimu, hebu angalia hapo mwanzo. Kuna jambo."

Nyamweya alivaa miwani. Mwanzoni mwa mistari, mahali ambapo alama ya mapigo hukaa, palikuwa na saba juu ya nane.

Nyamweya hakuwa mjinga wa muziki, asije akasingiziwa. Solfa aliijua mbele na nyuma, na noti za mistari alifundishwa katika shule ya misheni kule kwao Kisii. Alijua kwamba tarakimu ya juu humwambia mtu kila kipimo kina mapigo mangapi, na ya chini humwambia pigo moja ni noti ya aina gani: nne ni noti yenye kijiti kitupu, nane ni noti yenye mkia mmoja. Alikwisha kutana na mbili, tatu, nne, na mara moja, kwenye harusi ya mtu tajiri, sita. Saba hakuwahi kuiona, wala hakumjua mtu aliyewahi kuiona.

Waliandika Homa Bay kuuliza kama ni makosa ya kiwanda cha chapa. Jibu lilirudi baada ya wiki mbili likiwa na sentensi moja: kwaya zote ziimbe kama ilivyoandikwa.

Basi kamati ikakaa. Kamati ilikuwa na watu watatu: Nyamweya mwenyekiti, Jared katibu, na Mzee Mayaka wa baraza la kanisa, ambaye hakuimba lakini alikuwa na kiti chake. Waliiweka ile karatasi katikati ya meza wakaitazama hadi chai ikapoa.

"Saba si mgeni kwetu," Mzee Mayaka alisema hatimaye. "Sita ni ya kazi. Ya saba ni ya kupumzika. Huyo aliyetunga wimbo labda ni Msabato, ila anaogopa kusema."

Jared alionyesha kwamba kwenye pigo la saba palikuwa na noti, tena noti nzito, katika kila kipimo, tangu cha kwanza hadi cha mwisho.

"Hapo sasa ndipo alipoogopa," alisema Mzee Mayaka.

Noti zote za saba zikafutwa kwa kifutio, na mahali pake pakawekwa alama ya pumziko. Ile nane ya chini iliwachukua karibu saa nzima. Mwishowe waliafikiana kwamba siku ya nane ni Jumapili, na Jumapili ni shauri la Wakatoliki. Nane ikaachwa kama ilivyokuwa.

Kwaya ilikuwa na waimbaji arobaini, na kwa wiki tatu arobaini hao waliumwa vichwa. Nyamweya aliwaambia wahesabu mapigo kama siku za juma, wakianza na Jumapili, ili wasipotee. Walipotea. Sauti ya alto ilifika Ijumaa wakati sauti ya teno bado iko Jumatano, na besi, ambao walikuwa wauza ng'ombe na hawakupenda kuharakishwa, waliingia Sabato wakiwa wamechelewa na wanahema. Mapigo saba yalikuwa yamejipanga mstari mmoja, na hakuna aliyejua mahali pa kuweka mguu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya jiko kuvuja. Mokeira, mke wa Nyamweya, alikuwa na jiwe lake la kusagia jikoni, na mvua za Machi zilipoanza kudondokea unga, alilihamisha hadi chini ya dirisha la kanisa, mahali palipokuwa na paa zuri la mabati. Mashine ya kusaga ilikuwapo sokoni, lakini Nyamweya alisema unga wa mashine unanuka dizeli. Kwa hiyo kila siku saa kumi na nusu Mokeira alipiga magoti akasaga wimbi, yaani ulezi, kwa ugali wa jioni.

Alisaga kama mama yake alivyosaga: mbele, nyuma, mbele, nyuma, mbele, nyuma, kisha mkono wa kushoto unazoa unga. Mbili, mbili, tatu. Hakuwahi kuhesabu. Mtu hahesabu anaposaga, kama asivyohesabu anapotafuna.

Siku ile, ndani ya kanisa, mkono wa Nyamweya ulipata njia. Hakujua umeipata wapi. Waimbaji nao wakaona ule mstari wa mapigo saba umejikunja wenyewe katika mafungu, fupi, fupi, ndefu, na miguu yao ikajua pa kukanyaga. Waliimba mapigo sita ya kipimo cha kwanza sawasawa. Walipofika la saba walinyamaza na kupumzika, na kila kitu kilichokuwa kimewasikia kikapumzika pia.

Mkanda wa mashine ya kusaga ulisimama. Mkasi wa kinyozi ulisimama ukiwa umefunguka juu ya sikio la mteja. Chai iliyokuwa ikimiminwa katika hoteli ya soko ilibaki hewani, kati ya birika na kikombe. Mto Migori ulisimama chini ya daraja. Kisha kipimo cha pili kikaanza, na vyote vikaendelea pale vilipoachia.

Mokeira pekee hakusimama. Pigo la saba lilimkuta anazoa unga. Aliinua macho, akamwona jogoo wake amening'inia kati ya ardhi na paa la ghala, mabawa wazi. Alimaliza kuzoa, akasukuma jiwe mbele, jogoo akatua. Hakushangaa. Ndani ya nyumba aliyoishi miaka kumi na tisa, wengine kupumzika wakati yeye anazoa kitu haikuwa habari mpya.

"Imekaa," Nyamweya alisema ndani.

"Imekaa kabisa," alisema Jared.

Juma lililofuata Okemwa, fundi wa cherehani, aliongoza ujumbe wa watu wanne kwenda kwa Nyamweya. Hawakuwa na ubaya, walisema, ila mishono ilikuwa inaruka. Waliomba mazoezi yaanze saa kumi na moja, soko likishafungwa. Nyamweya aliona ombi hilo ni la haki, na Mokeira akasogeza kusaga kwake pia, kwa kuwa mumewe alipenda ugali wa moto mara baada ya mazoezi.

Jirani yao Filister, muuza dagaa wa omena kutoka Karungu, aliimba soprano. Ndiye aliyemsimulia Mokeira jinsi lile pumziko lilivyo, siku walipokuwa wakichambua mboga pamoja. Alizoea kumwita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii kwa Kijaluo.

"Nyar Kisii, nikuambie nini? Ni kama umetoka mtoni na mtungi, umefika nyumbani, mtu amekushusha. Shingo inarudi mahali yake. Si unajua hiyo?"

"Naijua ya mtungi," Mokeira alisema.

"Sasa hii ni mwili yote."

Mokeira aliendelea kuchambua. Kuanzia siku hiyo alilitaka lile pumziko. Alilitaka kama mjamzito anavyotaka udongo, na hakujifanya kwamba halitaki. Kila kipimo kilipofika la saba aliinua uso, akangoja limguse. Jogoo lilimgusa. Mbwa wa kinyozi lilimgusa. Yeye alijikuta anazoa unga.

Mwezi wa sita alikwenda Kegonga kununua wimbi, kwa sababu la Migori lilikuwa na mchanga. Lori liliharibika, akalala kwa binamu yake siku mbili. Alhamisi aliporudi, aliyakuta malori manane darajani, moja nyuma ya jingine, kila dereva ametulia na mkono kwenye gia. Lori lake nalo lilipofika mkia wa mstari lilisimama. Mokeira alishuka, akajitwika gunia dogo la wimbi, akatembea kwa miguu. Mto ulikuwa umelala kama uji uliopoa.

Alipita sokoni. Okemwa, aliyekuwa amechelewa kufunga, alikuwa ameinama juu ya cherehani na uzi mdomoni. Kanisani Nyamweya alikuwa ameinua mkono wa kulia, macho amefumba, na waimbaji wote walikuwa wametulia mbele yake, nyuso zimelainika. Mokeira aliwatazama kidogo. Aliona kola ya mumewe ni chafu. Kisha akaenda kwenye jiwe, kwa kuwa wimbi alikuwa nalo na jioni ilikuwa inakuja, akapiga magoti, akasukuma mbele mara moja. Ndani ya kanisa, kwaya ilidaka pigo la kwanza la kipimo kilichofuata.

Walidhani bado ni Jumanne. Jared alipofika posta alikuta simu mbili za maandishi kutoka Kisii zikiuliza kwa nini hajibu ile ya kwanza. Hakuna aliyelalamika. Watu wengi walisema viuno havikuwauma juma zima, na Mzee Mayaka, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, aliacha kutumia fimbo hadi mwezi ulipoisha.

Hata hivyo kamati ilikaa, maana mashindano yalikuwa yamekaribia. Jared ndiye aliyegundua kilichopungua Jumanne ile. "Ni jiwe," alisema. "Jiwe ilikuwa kimya."

Wakajaribu. Kwaya iliimba na Jared akapiga magoti penye jiwe. Pigo la saba lilipofika Jared alipumzika na wengine, na kama Mokeira hangetoka jikoni kuja kumwondoa na kusukuma mwenyewe, wangekuwa pale hadi leo. Wakamjaribu Okemwa, akiwa ameziba masikio kwa pamba. Alipumzika na pamba yake. Wakaandika katika kumbukumbu kwamba jiwe ni la lazima, kwamba lipelekwe Homa Bay, na kwamba liandamane na Mama Kemunto kwa ajili ya kulisukuma. Huyo ndiye Mokeira; Kemunto alikuwa binti yake mkubwa, aliyeolewa Keroka.

Jioni ile Mokeira alimwekea mumewe maji ya kunawa, akasimama.

"Baba Kemunto, na mimi nitapumzika lini?"

Nyamweya hakuwa mtu mbaya. Alilifikiria swali lile, akaliona ni swali la kweli, akalipeleka kwenye kamati. Mzee Mayaka aliikumbusha kamati kwamba amri ya pumziko ina orodha yake. Mwana yumo, binti yumo, watumishi wa kiume na wa kike wamo, mnyama wa kufugwa yumo, hata mgeni aliyelala kwako yumo. Waliipitia orodha hiyo kwa vidole mara mbili. Mke hakutajwa.

"Si kwamba amekatazwa," Mzee Mayaka alisema. "Ila hayuko."

Hilo lilieleza pia habari ya jogoo, na kamati iliridhika. Nyamweya alirudi nyumbani na jibu.

"Baada ya Homa Bay tutaangalia," alimwambia mkewe.

"Nitafutieni mtu wa kusukuma kipimo kimoja tu. Kimoja."

"Mama Kemunto, mtu hayuko. Si umeona tumejaribu?"

Mokeira alisema ameona. Ila moyo ulimuuma, na usiku ule ugali ulikuwa na madonge, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mashindano yalikuwa Jumatano, tarehe ishirini Julai. Waimbaji walisafiri kwa lori lililokodiwa, wakiwa na majoho meupe yaliyokunjwa ndani ya magazeti. Besi wanne walilipakia jiwe, wakalifunika kwa gunia lisipigwe na vumbi la Rongo. Mokeira alikaa karibu nalo. Joho hakuwa nalo, kwa sababu majoho yalikuwa arobaini.

Kwenye mlango wa ukumbi palikuwa na meza, na juu ya meza fomu. Fomu ilikuwa na nafasi ya majina arobaini, na Jared alikwisha kuzijaza zote kwa mwandiko wa posta. Afisa wa mashindano alilitazama lile jiwe.

"Vyombo vya muziki haviruhusiwi," alisema.

"Hii si chombo, bwana. Hii ni ya jikoni."

Afisa aliinama, akaliona kweli ni la jikoni. Lakini kwa kuwa fomu ilikuwa na mstari mmoja chini ulioandikwa vifaa, na fomu isiyojazwa hurudishwa, alimwambia Jared aujaze. Jared akaandika: jiwe moja. Mokeira alikuwa amesimama pembeni na ungo wa wimbi. Aliweza kusoma kidogo. Alisoma.

Walimweka nyuma ya pazia. Kwaya ya Wakatoliki kutoka kisiwani iliimba kwanza, ikaimba noti zote saba bila kupumzika hata moja, jambo ambalo Wamigori walisema walilitarajia. Kisha wakaitwa wao. Nyamweya aliinua mkono, Mokeira akasukuma jiwe, wakaanza.

Waliimba vizuri sana, na hakuna haja ya kuwanyima sifa hiyo. Wimbo ulikuwa na vipimo thelathini na viwili. Kila la saba lilipofika ukumbi wote ulitulia, Mokeira akazoa unga, akasukuma, wakaendelea. Katika kipimo cha ishirini na nne alizoa unga, akaulundika vizuri katikati, halafu hakusukuma. Aliliacha jiwe dogo pale lilipokuwa, akaondoa mikono.

Kimya kilikuwa kikubwa. Alikaa chini, akaegemea ukuta, akangoja lile pumziko alilosimuliwa. Halikuja. Badala yake alianza kuona vitu. Kamba ya kiatu cha Jared ilikuwa imefunguka, akatoka nyuma ya pazia akaifunga. Kola ya joho la Filister ilikuwa imekunjika, akainyoosha. Nzi alikuwa amesimama kwenye ukingo wa kikombe cha mwamuzi, akamtoa kwa kidole, akamweka dirishani. Alimpangusa Nyamweya jasho la paji la uso. Kisha, kwa kuwa ukumbini hakukuwa na kazi nyingine, akatoka nje.

Madirisha yalikuwa wazi na besi za Migori husikika mbali, kwa hiyo Homa Bay yote ilikuwa imetulia hadi ziwani. Wauza samaki walikuwa wameinua mikono katikati ya kupatana bei. Mawimbi yalikuwa yamesimama na migongo yao juu. Mdiria alikuwa amepiga mbizi, kichwa ndani ya maji, mkia nje. Mokeira alikaa kwenye mchanga akanyoosha miguu. Akakumbuka kwamba unga hakuufunika. Akarudi ukumbini akaufunika, akaja tena ziwani, akakaa.

Ndipo likaja. Lilianzia shingoni, kama Filister alivyosema, likashuka mabegani, likashuka kiunoni mahali palipokuwa pamekaza tangu Kemunto azaliwe, likafika hadi kwenye nyayo. Alifurahi. Alifurahi hadi akacheka peke yake kwa sauti kubwa, kisha akalala ubavu, mkono chini ya shavu.

Jua halikuwa limesikia wimbo, likaendelea na safari zake, likazama na kuchomoza. Mokeira hakulihesabu. Aliposikia njaa alikwenda sokoni akachukua ndizi mbivu, au samaki waliokuwa wamesimama ndani ya mafuta wakiwa moto vilevile, akawaambia wenye navyo asante. Aliosha kitambaa chake cha kichwa akakianika, akakitazama kinavyokauka, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kufanya kitu kingine. Aliuimba ule wimbo sauti ya alto, na mara nyingine soprano, na kwenye pigo la saba aliiimba ile noti iliyofutwa, maana aliiona kwenye karatasi ya mumewe kabla ya kifutio. Ilikuwa noti nzuri.

Alilala pale mchangani siku baada ya siku, na ngozi ngumu ya viganja vyake ikaanza kujibandua. Ilitoka vipande vipande. Chini yake palikuwa na ngozi laini aliyoiona mara ya mwisho akiwa msichana.

Kila asubuhi alipita ukumbini kumtazama Filister. Alisimama mbele yake akamweleza jinsi alivyolala, na Filister, mdomo umefumba, uso umelainika, hakujibu. Hapo ndipo pumziko lilipoanza kumlemea. Alikuwa na habari, na hakuwa na mtu wa kumpa. Asubuhi moja alitaka mno kumsikia Filister akimwita nyar Kisii. Alirudi nyuma ya pazia, akafunua unga, akapiga magoti, akasukuma mbele. Jiwe lilimchoma viganja.

Kwaya ilidaka kipimo cha ishirini na tano. Vipimo vilivyobaki vilikwisha bila tatizo, na watu wakapiga makofi.

Mwamuzi, aliyetoka Nairobi, alisimama na karatasi yake. Alisema kwamba kwaya nyingi huvunjikia kwenye wimbo wa namna ile kwa kuhesabu moja hadi saba, kama mtu anayehesabu magunia. "Saba haihesabiwi hivyo," alisema. "Ni mbili, mbili na tatu. Inachechemea kidogo, na raha yake iko kwenye kuchechemea. Kwaya ya Migori ndiyo pekee iliyolielewa hilo. Aliwafundisha nani?"

"Tulijifunza wenyewe," Nyamweya alijibu, akainamisha kichwa. "Kwa maombi."

Nyuma ya pazia Mokeira alikuwa anakung'uta unga kwenye ungo.

Mwamuzi aliongeza kwamba noti ya saba imeachwa katika vipimo vyote, na kwa hilo amekata alama. Mapumziko yenyewe, hata hivyo, yalikuwa sawa kabisa. La kipimo cha ishirini na nne lilimfurahisha hasa. Kwa saa yake halikuzidi wala kupungua. Migori ilikuwa ya pili. Wakatoliki walikuwa wa kwanza, na Mzee Mayaka alisema mshahara wa kufanya kazi siku ya saba huonekana mapema, lakini haudumu.

Walipotoka nje ilikuwa Jumatano, tarehe kumi Agosti. Kwa kuwa Jumatano ilikuwa Jumatano, jambo hilo halikugunduliwa hadi kesho yake, barua za Nairobi zilipofika zikiuliza kwa nini Homa Bay haijibu. Maafisa hawakujali. Walikuwa wamezoea kungoja majibu ya Nairobi, na mara hii Nairobi ilikuwa imengoja. Watu walikuwa na nyuso za kulala vizuri.

Ndani ya lori, Filister alijisogeza hadi karibu na jiwe. Aliuchukua mkono wa Mokeira, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya kiganja.

"Nyar Kisii!" alisema polepole. "Ilikuwa kama nilikuambia?"

"Ilikuwa kama uliniambia."

Walikaa hivyo hadi Rongo. Filister alikuwa amekishika kile kiganja kama kitu cha mtu alichopewa amtunzie.

Kamati ilikaa Alhamisi jioni kuchunguza zile wiki tatu. Ilithibitishwa kwamba jiwe lilikwama katika kipimo cha ishirini na nne. Jared alidhani ni hewa ya ziwa, ambayo inajulikana kwa kuharibu vitu, na wakaandika hivyo. Waliandika pia kwamba kamati inalishukuru jiwe. Suala la Mama Kemunto, lililoahirishwa hadi baada ya Homa Bay, lilisomwa, na kwa kuwa sasa ilikuwa baada ya Homa Bay, liliahirishwa hadi baada ya mashindano ya mwaka uliofuata.

Ijumaa Mokeira alisaga mapema, maana wimbi la Sabato husagwa kabla jua halijazama, ili watu wapumzike. Jioni Nyamweya, alipokuwa ananawishwa, aliona maji yana wekundu.

"Mama Kemunto, mikono yako imefanya nini?"

"Imetoka malengelenge. Ilikuwa imepumzika."

"Imepumzika lini?"

"Pigo la saba."

Nyamweya alilifikiria hilo. "Hilo ni pumziko ya kwaya," alisema kwa upole, akafuta mikono.

Hati ya mashindano ilifika Septemba, ikapigiwa msumari kwenye ukuta wa kanisa, juu ya meza ya kamati, msumari mzuri wa kutoka kibandani. Ilikuwa na majina arobaini kwa taipu, kila moja na sauti yake, na chini ya yote mstari mmoja: jiwe moja. Vumbi la soko liliipenda sana hati ile. Kila Ijumaa, kabla ya kusaga, Mokeira aliipangusa kwa kiganja, kwa uangalifu, maana mwanzoni kiganja kilikuwa na vidonda na aliogopa kuacha alama. Kufikia mwezi wa kumi na moja hakuogopa tena. Sugu zote zilikuwa zimerudi, kila moja mahali pake, na hati haikuchafuka.